Sitroneli, kivumbasi, karafuu: mafuta ya majani yanaweza kulinda shamba na kuvu?

Mulimaji wa viazi wa Lubero anajua mildiu bila kufungua kitabu. Mvua inapiga siku tatu mfululizo, ukungu unalala juu ya milima mpaka saa ine ya asubuyi, kisha majani yanapata madoa sawa vile yamemwagiwa maji ya moto. Upande wa chini wa jani unaonekana unga mweupe. Juma moja tu, na shamba lote limekuwa jeusi. Ugonjwa ni ule ule ulioleta njaa kubwa Ireland tangu mwaka wa 1845, na sisi wa huku Butembo, karibu kabisa na mstari wa ekweta, kwenye milima inayopita metre 1700, tuko na vyote unapenda: baridi, umande na mvua misimu miwili kwa mwaka.

Kwa hiyo ku maduka ya dawa za shamba, Butembo ao Beni, ule unga wa manjano wa mankozebu ni kati ya vitu vya kwanza mulimaji anauliza. Lakini dawa iko bei, mara zingine paketi imefunguliwa na imepimwa upya na kijiko, na mwenye kupulizia anarudia nyumbani na macho mekundu. Njo maana walimaji mingi wanajiuliza: haya majani yenye harufu kali yako kandokando ya nyumba, sitroneli tunayokunywa ndani ya chai, kivumbasi tunachofukiza kwa mbu, eukaliptusi iliyojaa milima yetu, je, mafuta yake hayawezi kufanya hiyo kazi?

Jibu fupi: mafuta hayo yanaua kuvu, hilo halina ubishi tena. Lakini kuua kuvu ndani ya sahani ya labo na kuokoa hekta moja ya viazi pale Kipese, hayo ni mambo mawili, na katikati yake kuko hesabu ambayo wenye kusifu dawa za asili mara mingi hawapendi kuifanya. Tutaifanya hapa.

Kwanza, ujue adui

Kuvu ni ndugu za uyoga. Hazina mbegu, ziko na vumbi dogo sana linalopeperuka na upepo ao kuruka na tone la mvua. Likianguka juu ya jani lenye maji, linachipuka, linatoboa ngozi ya jani na kuingia. Kutu ya kahawa ni kuvu. Madoa meusi yaliyozama ndani ya maganda ya maharagi, antraknozi, ni kuvu. Ukungu wa kijani ndani ya mihindi iliyowekwa mbichi ni kuvu. Mildiu ya viazi na ya tomati, pamoja na kuoza kweusi kwa matunda ya kakao upande wa Beni, wenye elimu wanaiweka kando kidogo: inafanana na kuvu kwa sura na kwa tabia, lakini kwa ukoo iko karibu zaidi na mwani wa majini. Hiyo si habari ya wasomi tu. Kuko dawa za kuvu ambazo hazifanyi kitu juu ya mildiu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, migomba inayonyauka na kutoa usaa wa manjano ukiikata, ile ndugu zetu wa Rwanda wanaita kirabiranya, haiko kuvu. Ni bakteria. Inapita kwa kisu na kwa wadudu wanaotembelea kitumba cha ndizi. Hakuna mafuta ya majani yatakayoiponyesha. Dawa yake ni kuvunja kitumba mapema na kijiti chenye panda, kupitisha kisu kwenye moto ao javeli kabla ya kuingia mgomba mwingine, na kungoa migonjwa. Majani ya muhogo yaliyojikunja na kuwa na manjano-manjano nayo ni virusi, inayopita na nzi mweupe na vipando vigonjwa. Mutu akikuuzia chupa ya mafuta ya harufu kwa ajili ya hayo mawili, uweke franka zako mfukoni.

Kuko tena kuvu ambayo dawa ya kupulizia haiifikii, hata ingekuwa ya kiwanda. Wazee wa Beni wanakumbuka kahawa robusta ilivyokufa. Ule ugonjwa wa kunyauka, ambao Kifaransa kinauita tracheomycose, uliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1927 Oubangui-Chari, inchi ya leo ya Afrika ya Kati. Ulipiga Kongo wakati wa Wabelgiji, ukatulia, ukarudi upande wa Isiro miaka ya 1970, ukashuka mpaka Beni, na mwaka wa 1993 Uganda ikaukuta Bundibugyo, ngambo ya Semliki. Kuvu yake inaishi ndani ya mishipa ya mti, pale maji yanapopanda. Unapulizia jani, yeye iko ndani ya shina anaendelea kufunga bomba. Ilibaki paka kungoa na kuchoma. Walimaji mingi wa Beni waliingia kakao baada ya kupoteza kahawa yao hivyo. Tunaikumbusha hapa juu ya sababu moja: mafuta ya majani yanafanya kazi pale yanapogusa. Yasipogusa, hayafanyi kitu.

Mafuta haya ni nini

Haiko mafuta kama mawese. Mawese ukiyadondosha juu ya karatasi, doa linabaki. Mafuta ya harufu ukiyadondosha, baada ya saa chache doa limekwenda, limeruka na hewa. Ni mchanganyiko wa vitu vingi vyepesi ambavyo mmea unavitengeneza na kuviweka ndani ya vifuko vidogo vya jani, ganda ao ua. Mmea haukuvitengeneza kwa ajili ya pua yetu. Ni silaha yake mwenyewe kwa wadudu, kwa wanyama wanaokula majani, na kwa kuvu.

Ndani ya sitroneli, ile Watanzania wanaita mchaichai, kitu kikubwa kinaitwa sitrali. Ndani ya karafuu ni ojenoli, ile harufu ya daktari wa meno. Kivumbasi kinabadilika: mimea mingine iko na timoli mingi, mingine iko na ojenoli, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Eukaliptusi ya kawaida iko na sineoli, ile tunaisikia ndani ya dawa ya mafua. Kwa nguvu ya kuua kuvu, timoli, ojenoli na sitrali zinatangulia. Sineoli inafuata kwa mbali. Ni bahati mbaya kwetu, kwa sababu mti tulio nao mingi kuliko yote kwenye milima ya Lubero ndio wenye mafuta ya nguvu kidogo kwa kazi hii.

Namna ya kuyatoa, wakaaji wengi wa huku wanaijua tayari, ila kwa kitu kingine. Ni njia ya kanyanga. Pipa, maji chini, majani juu ya wavu ili yasiguse maji, kifuniko kilichozibwa vizuri, bomba linalopita ndani ya maji baridi. Mvuke unapanda, unabeba mafuta, unapoa ndani ya bomba na kudondoka: maji chini, mafuta yanaelea juu. Karafuu tu ndiyo inafanya kinyume, mafuta yake ni mazito kuliko maji na yanazama. Pipa liwe safi: lile lililobeba dawa za shamba ao mafuta ya gari, hapana.

Hapa kuko kosa moja linalofanyika mara mingi. Mutu anachukua majani, anayachemsha ndani ya sufuria wazi saa moja, anapulizia ile supu kwa tomati, kisha anasema dawa ya asili haifanyi kazi. Ile harufu nzuri iliyojaa jikoni ndiyo ilikuwa dawa. Imekwenda na mvuke. Iliyobaki ndani ya sufuria ni maji ya rangi. Kama huna mutambo wa kutoa mafuta, heri kumwaga maji ya moto juu ya majani yaliyopondwa, kufunika kabisa, na kuacha yapoe yakiwa yamefunikwa; yatakuwa dhaifu, lakini yatakuwa na kitu.

Yanauaje kuvu

Kila chembe ya kuvu imezungukwa na ngozi nyembamba yenye mafuta-mafuta. Vile vitu vyepesi vya sitroneli ao karafuu vinapenda mafuta, havipendi maji. Vinaingia ndani ya ile ngozi na kuilegeza, ikaanza kuvuja. Chumvi za ndani zinatoka, kazi ya chembe inasimama. Vumbi la kuvu ambalo lilikuwa tayari kuchipuka juu ya jani linakufa kabla halijatoboa. Na kwa sababu mafuta hayo yanaruka na hewa, hata mvuke wake peke yake, ndani ya chombo kilichofungwa, unaweza kuzuia ukungu kuota. Ushike hilo neno, «chombo kilichofungwa», tutalirudilia.

Faida yake nyingine: mafuta moja iko na vitu kumi ao makumi vinavyopiga pahali mbalimbali kwa wakati mumoja. Dawa za kiwanda zinazopiga pahali pamoja tu, kama metalaksili inayochanganywa na mankozebu ndani ya Ridomil, mildiu imekwisha kujifunza kuzizoea inchi mingi. Kuzoea mchanganyiko iko nguvu zaidi.

Shida yake iko ndani ya sifa hiyo hiyo ya kuruka. Jua la saa sita likipiga, mafuta yako yamekwenda. Mvua ikinyesha, imeyaosha. Na ngozi ya chembe za jani la tomati nayo iko na mafuta-mafuta: ukizidisha kipimo, unachoma jani lenyewe. Kati ya kipimo kinachoua kuvu na kipimo kinachochoma mumea, mara zingine nafasi ni ndogo sana.

Hesabu ya kilo na lita

Tuseme mulimaji anataka kupulizia hekta moja ya viazi. Anahitaji kama lita 500 za maji. Tuweke mililita 3 za mafuta kwa kila lita, kipimo cha wastani. Hiyo ni lita 1 na nusu ya mafuta kwa kupulizia mara moja.

Majani mabichi ya sitroneli, kilo 100, yanatoa kati ya grama 200 na 500 za mafuta, kulingana na umri wa majani, musimu na ustadi wa mwenye kutoa. Tukichukua grama 400, ile lita 1 na nusu inaomba zaidi ya kilo 300 za majani. Ku milima yetu, wakati wa mvua kali, mildiu inaomba kupulizia karibu kila juma. Mara kumi kwa musimu, hiyo ni tani tatu na zaidi za sitroneli, kuni za kuchemsha hizo tani, na maji ya kupoza bomba. Shamba la sitroneli litakuwa kubwa kushinda mfuko wa mulimaji, na makaa yatatoka wapi? Milima ya kuzunguka Butembo inaonyesha yenyewe bei ambayo tumekwisha kuilipa kwa kuni na mbao.

Tuongeze jambo ambalo vitabu vya agronomi haviandiki. Kutoa mafuta kunaomba kukaa karibu na moto na mto saa mingi. Ndani ya teritware ya Beni, ambako mauaji ya raia hayajakoma tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2014, mutu anaingia shambani asubuyi na anatafuta kurudi mapema. Moshi mrefu kando ya mto haiko kitu anachotaka kuacha. Kazi kama hiyo ifanyike muji ndani, ao isifanyike.

Sasa tugeuze hesabu. Mama mumoja ana kitalu cha tomati, metre mraba 10. Anahitaji lita 2 za maji, mililita 6 za mafuta. Hizo zinatoka ndani ya kilo 1 na nusu hivi ya majani ya sitroneli. Hapo hesabu inakubali. Kitalu ndipo miche inakufa kwa kuoza shingo, na muche mumoja uliookolewa pale ni mumea mzima ku shamba.

Kwa hiyo tunasema wazi: kwa shamba kubwa la viazi wakati wa mvua, mafuta ya majani peke yake si dawa ya kutegemea, na mutu anayemwambia mulimaji aache mankozebu kesho na kuweka sitroneli pahali pake anamupeleka kwa hasara. Kwa kitalu, kwa mbegu, na kwa mavuno yaliyo ndani ya nyumba, ni hadisi tofauti.

Inchi zingine zinafanya nini

Wazungu hawakuliacha hili kwa waganga wa mitishamba. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya ulikubali timoli, ojenoli na jeranioli kama dawa za shamba, zikitumiwa kwa ukungu wa kijivu wa zabibu. Dawa moja iliyotoka humo, Mevalone, inaweka hayo mafuta ndani ya vifuko vidogo sana vya maganda ya chachu, ile hamira ya mukate, ili yasiruke yote mara moja. Jani likilowa, yanatoka kidogo kidogo. Wameona shida ile ile ya kuruka na hewa, wakaitafutia namna. Mafuta ya karafuu nayo yanakubaliwa kule kwa matufaa na peya zilizokwisha kuvunwa, ndani ya gala. Kutoka Israeli kuko Timorex Gold, iliyotengenezwa na mafuta ya mti wa chai wa Australia (haiko ile chai tunayokunywa), na inapuliziwa hata ku migomba. Marekani, tangu mwaka wa 1996, mafuta ya karafuu, ya sitroneli na ya zaatari yako ndani ya liste ya vitu visivyoombwa karatasi ndefu za kuandikishwa, kwa kuwa hatari yake inahesabiwa kuwa ndogo.

Karibu nasi zaidi ni Pemba, Zanzibar. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar liko na kiwanda kinachotoa mafuta ya karafuu, ya majani yake, na ya makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika ua. Uone tofauti na sitroneli: kilo 100 za karafuu kavu zinaweza kutoa kilo 15 na zaidi za mafuta, na makonyo, ambayo ni kama takataka ya mavuno, yanatoa kilo 5 ao 6. Mafuta hayo yanakwenda kwa manukato, sabuni na dawa za meno kuliko kwa shamba. Mteja wa manukato analipa kushinda mulimaji wa viazi, na hiyo itakuwa hivyo hata huku.

Wala haiko kitu kigeni kwa Beni-Lubero kuuza nguvu ya mumea. Utomvu wa papai unaokwanguliwa na kukaushwa kuwa papaine, maganda ya kinkina yanayotoa kinini: wazazi wetu walisomesha watoto na hizo. Tofauti ni kwamba mali hizo zilipata wanunuzi wenye kupima ubora. Mafuta ya majani, ku soko letu, hakuna anayeyapima. Chupa yenye kuandikwa «sitroneli» inaweza kuwa na mafuta ya kula yaliyotiwa harufu.

Pahali yanapofaa

Kitalu tumekisema. Namna ya kuchanganya: mafuta hayashikani na maji. Chukua kwanza sabuni ya maji kidogo, kama kipimo sawa na cha mafuta, changanya na mafuta mpaka yawe kama maziwa, ndipo uongeze maji pole pole. Kabla ya kupulizia kitalu chote, pulizia miche mitano, ungoje siku mbili ao tatu. Majani yakiungua pembeni, punguza kwa nusu. Pulizia jioni, jua likiisha kulegea, na utikise pompe mara kwa mara kwa sababu mafuta yanapanda juu. Mulimaji anayesahau kutikisa anamwagia miche ya mwisho mafuta matupu, na miche ya kwanza maji matupu. Kitalu kiwe chini ya paa la majani. Mvua isiyoosha dawa ni nusu ya kazi.

Mbegu za maharagi. Kuvu ya antraknozi inasafiri ndani ya mbegu, kutoka musimu mpaka musimu, kutoka Lubero mpaka soko la Butembo. Hapa ule mvuke unasaidia: mbegu kavu kabisa ndani ya bidoni inayofungwa, kitambaa chenye matone machache ya mafuta kinaning'inia juu bila kugusa mbegu, siku chache. Lakini kuvu iliyoingia ndani kabisa ya punje inaweza kupona, na mvuke ukizidi unaua hata uhai wa mbegu. Kwa hiyo upime: punje 50 zilizopitia dawa, punje 50 zisizopitia, zote kwa kitambaa chenye maji. Uhesabu zilizochipuka. Hata hivyo, kuchagua mbegu kwa mukono, kutupa kila punje yenye doa, na kuchukua mbegu ku sehemu ya shamba iliyokuwa safi, kunazuia mingi kuliko mafuta.

Gala ni pahali tunapopaona pa maana zaidi, na ndipo pa hatari zaidi. Mihindi na karanga zinazowekwa na unyevu zinaota kuvu inayotoa sumu, aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, moto wa sufuria hauimalizi, na inashambulia maini. Mwaka wa 2004, Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa na 125 wakafa kwa kula mihindi yenye hiyo sumu. Mafuta ya kivumbasi, ya karafuu ao ya sitroneli yanaweza kuzuia kuvu hiyo kuota. Hayawezi kuondoa sumu iliyokwisha kuingia. Mihindi iliyooza ukiipaka mafuta ya harufu, umeficha tu harufu ya uozo na kumuuzia jirani ugonjwa. Kazi ya kwanza ya gala ni kukausha, mpaka punje ivunjike kwa jino kwa sauti, unyevu wa mihindi ukiwa chini ya 13 kwa mia, juu ya bâche na si juu ya udongo. Mafuta yanakuja nyuma ya hapo, na si mbele.

Kwa kakao, mafuta hatuyashauri. Matunda yaliyooza yangolewe kila juma na kutolewa shambani, miti ikatwe matawi ili hewa ipite, kivuli kipunguzwe. Kakao ya Beni inakwenda nje, na mununuzi wa chokola ataisikia harufu ya karafuu ndani ya punje.

Asili haimaanishi bila hatari

Tuseme pia haki ya upande wa pili. Mankozebu haiko kitu cha kuchezea. Mwezi wa 12 mwaka wa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuirudilia kibali, kwa sababu inahesabiwa kuwa inaweza kuharibu uzazi na kuvuruga homoni za mwili. Huku inaendelea kuuzwa. Anayeitumia avae mask, glavu, nguo ndefu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Beni na Butembo nzima ilijifunza kuvaa na kuvua glavu bila kujigusa, ufundi huo usipotee bure. Asipulizie kinyume cha upepo. Aache siku zilizoandikwa ku paketi kabla ya kuvuna, na tomati iliyopuliziwa jana isipelekwe soko leo.

Lakini mafuta ya majani nayo, matupu bila maji, yanachoma ngozi na yanaweza kuumiza jicho vibaya. Mutoto akikunywa kijiko cha mafuta ya eukaliptusi ni hospitali mbio. Tumbako ni ya asili, na maji yake yameua watu. Chupa iwekwe juu, ifungwe, iandikwe jina, na isiwe ile ya soda.

Kuko vilevile dawa ya zamani inayosahaulika katikati ya hizo mbili: mchanganyiko wa shaba na chokaa, bouillie bordelaise, ambao Millardet aliutangaza Bordeaux mwaka wa 1885 juu ya mildiu ya zabibu. Unakubaliwa hata ndani ya kilimo cha asili, hauruki na hewa, unashika jani wakati wa mvua. Ila shaba inabaki ku udongo miaka na miaka. Kwa viazi, pamoja na aina zinazovumilia mildiu, nafasi kubwa kati ya mistari, na kutoacha viazi vilivyooza kando ya shamba, ungali msaada wa maana kuliko sitroneli.

Kwa mwenye kutaka kujaribu

Usianze na shamba lote. Chagua mistari sita ya tomati. Miwili pulizia mafuta, miwili dawa unayoijua, miwili usipulizie kitu. Changanya mipangilio yake, mistari ya mafuta isiwe yote upande wa jua. Kila juma uhesabu majani yenye madoa ku mimea kumi ya kila mustari, uandike ndani ya kaye. Mwisho pima mavuno kwa kilo, na uandike pia franka za kuni, siku za kazi, sabuni. Mistari isiyopuliziwa ndiyo itakayokuambia kweli. Bila hiyo, mwaka wa mvua kidogo utasema mafuta yameponyesha, na ilikuwa jua.

Mutambo wa kutoa mafuta mutu mumoja asiununue. Ni kazi ya kundi, na Butembo kuko mashirika ya walimaji, kama SYDIP na LOFEPACO ya wamama, ambako mambo ya namna hii yanaweza kuwekwa mezani. Jani gonjwa ambalo hulitambui, lifunge ndani ya karatasi kavu, si ndani ya sashe ambako litaoza, na ulipeleke kwa agronome wa sekta ao kwa wenye kufundisha kilimo ku Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Ulete jani lenye ugonjwa unaoanza, pamoja na lile lililokufa, na useme siku mvua ilipoanza.